Bibi Salme binti Said na Nguo Alizozivaa

Wasomaji wetu waliopata kufika Unguja huenda wameiona picha ya bibi mmoja mwenye mavazi ya Kiarabu ya zamani. Amevaa kanzu iliyodariziwa, na chini yake yaonekana suruali, na mwilini ana mapambo mazito ya kifalme. Picha hiyo haikupigwa Unguja. Ilipigwa katika mji wa Hamburg, nchi ya Udachi, ndiyo Ujerumani, kama mwaka wa 1868. Nguo zote ni za kwao, lakini uso wake u wazi. Kwao bibi wa cheo chake asingesimama mbele ya mwanamume mgeni pasipo barakoa. Kwa hiyo mtazamaji huona watu wawili katika picha moja, yule aliyeondoka Unguja na yule aliyefika Ulaya. Habari za bibi huyo ndizo tutakazozisimulia mwezi huu.

Mtu wa Kapalamsenga aweza kuuliza, binti wa Sultani wa Unguja atuhusu nini sisi tukaao upande wa Ziwa Tanganyika? Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika nguo yenyewe. Hariri na dhahabu za nyumba ile zilinunuliwa kwa faida ya karafuu na ya pembe za ndovu. Karafuu zilichumwa na watumwa. Pembe zilichukuliwa mabegani kutoka bara mpaka pwani, na nyingine zilitoka katika nchi za ziwa letu. Zamani hizo watu wa mwambao wa ziwa walivaa ngozi na nguo za magome ya miti yaliyopondwa. Wafipa, jirani zetu wa kusini, walikuwa na ufundi wao: walisokota pamba wenyewe na kuifuma nguo nene kwa vitanda vya kufumia. Kisha misafara ikaleta merikani. Nguo hiyo nyeupe ilipata jina lake kwa sababu ilitoka katika vinu vya Marekani, ikaletwa na merikebu za mji wa Salem, hasa baada ya Seyyid Said bin Sultan kufanya mkataba na Wamarekani mwaka wa 1833. Pamoja nayo ikaja kaniki ya rangi ya buluu nzito. Mikono minne ilikuwa shuka, mikono minane doti, na kwa doti mtu alilipwa mshahara wa kuchukua mizigo, kwa doti mtemi alipewa hongo, na kwa doti, twasema kwa huzuni, hata binadamu alinunuliwa. Basi Seyyid Said huyo ndiye baba yake bibi wa picha.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, ambalo Waarabu waliliita Bet il Mtoni, kando ya bahari, kaskazini ya mji wa Unguja. Mwenyewe alihesabu kwamba watu kama elfu moja walikaa humo: masuria na watoto wao, matowashi, watumishi, wapishi, wachukuzi wa maji, na yaya wasiohesabika. Mama yake aliitwa Jilfidan, naye alikuwa Mcherkesi, kabila la watu weupe wa milimani karibu na Bahari Nyeusi. Hakuja Unguja kwa hiari yake. Vita viliwaua wazazi wake, naye akachukuliwa angali mtoto mdogo, akauzwa, akaingia nyumbani mwa Seyyid kama suria. Twamwomba msomaji alikumbuke neno hilo, kwa maana tutalirudia mbele.

Jilfidan alikuwa mpole, mwenye kuwauguza wagonjwa, na stadi sana wa sindano. Katika nyumba ile kushona hakukuwa kazi ya watu duni tu. Mabibi wenyewe walishona na kudarizi kanzu zao, walitia nakshi za uzi wa dhahabu na wa fedha katika barakoa, walifuma kimia, walisuka tepe za hariri za kupambia pindo. Wasichana walifundishwa kazi hiyo mapema, ingawa Salme alipenda zaidi kupanda farasi, kulenga shabaha, na hata kukwea mnazi, jambo lililowatia yaya zake hofu kubwa.

Merikebu za Seyyid ziliporudi kutoka nchi za mbali na shehena, siku ya kugawa ilikuwa kama sikukuu. Kila mmoja alipewa fungu lake la vitambaa, manukato na vitu vya urembo, kwa kadiri ya cheo chake na umri wake. Vitambaa vilikuja majora mazima, havikukatwa. Baada ya siku chache mabibi walikaa chini mikekani, kwa kuwa meza hazikuwamo, wakaanza kubadilishana: huyu ataka rangi ile, yule amechoka na maua haya. Mikasi ikalia, kelele zikajaa nyumba. Usiku nguo zilizokwisha kushonwa ziliwekwa pamoja na maua ya asumini, zikafukizwa udi na ambari, na asubuhi bibi alizikuta tayari kitandani.

Ni mikono gani iliyozifua na kuzifukiza? Hapo ndipo desturi za nguo za Unguja zilipotenga watu. Bibi wa nyumba ya kifalme alivaa suruali, kanzu ndefu, mtandio kichwani, na viatu vya mti vyenye mapambo ndani ya nyumba. Akitoka, tena usiku, alijifunika shela nyeusi ya hariri na kutia barakoa usoni. Mtumwa wa kike wa shamba alijifunga kipande cha kaniki au merikani kifuani, kichwa wazi, miguu mitupu. Hakuruhusiwa kujifunika kama waungwana. Mtu alitambulikana njiani kabla hajasema neno. Ndiyo sababu, utumwa ulipoondolewa kwa sheria katika Unguja mwaka wa 1897, wanawake waliopata uhuru waliitupa kaniki upesi sana, wakanunua kanga za rangi, wakajifunika vichwa, na baadaye wakavaa buibui. Wageni waliwacheka kwamba wapenda anasa. Sisi twaona hawakuelewa waliyokuwa wakiyatazama.

Salme alikwenda chuoni pamoja na ndugu zake kusoma Kurani. Wasichana walifundishwa kusoma tu. Kuandika kulihesabiwa hakuwafai. Lakini alijifundisha kwa siri, akiziiga herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa watoto wa siku zile. Ilipojulikana, alilaumiwa. Wala hakujua bado kwamba mfupa ule ungebadili maisha yake.

Seyyid Said alikufa baharini mwaka wa 1856, akirudi kutoka Uarabuni, akaacha watoto 36 walio hai. Salme alikuwa na miaka 12, akapewa urithi wake wa shamba na fedha. Mwaka wa 1859 kipindupindu kilimchukua mama yake. Msichana wa miaka 15, hana baba wala mama, akabaki kati ya ndugu wanaoshindana. Majid ndiye aliyetawala Unguja. Barghash alikitaka kiti. Salme alimpenda Majid aliyemlea, lakini dada yake Khole, aliyekuwa mzuri kuliko wote, alikuwa upande wa Barghash, naye Salme akamfuata Khole. Na kwa kuwa alijua kuandika, wale wa Barghash wakamfanya mwandishi wao. Barua za kuagiza silaha na kukusanya watu ziliandikwa na mkono wa msichana huyo.

Majid akapata habari, akaizingira nyumba ya Barghash kwa askari. Waliokuwa ndani wakakosa maji. Ndipo Khole na Salme wakakata shauri la kutisha. Usiku wakatoka na kundi kubwa la wanawake, wote wamejifunika shela, wakaenda mpaka kwa askari, wakataka kuingia kumwona ndugu yao. Wakasema na mkuu wa askari wenyewe kwa vinywa vyao, jambo ambalo binti za Sultani hawakulifanya kamwe. Yule mkuu akashangaa, akaona haya, akawapisha.

Ndani wakamwambia Barghash ajifunike shela ya kike atoke pamoja nao. Barghash alikuwa mtu wa kiburi. Alikataa, akaona ni aibu kwa mwanamume na kwa mtoto wa Sultani. Wakati ukapita, hatari ikazidi. Mwisho akakubali, akajifunga silaha zake, wakamfunika kwa shela hata yakabaki macho tu. Ndugu yao mdogo Abdulaziz naye akafunikwa. Wakawachagua wanawake warefu kuliko wote watembee kando ya Barghash, ili kimo chake kisimtambulishe. Wakatoka polepole, kwa mwendo wa mabibi. Askari wakajitenga kwa heshima wakawapa njia, nao wakapita na yule yule aliyekuwa akilindwa. Walipofika nje ya mji wakaanza kukimbia mashambani gizani, viatu vyenye nakshi vikaachwa njiani.

Uasi wenyewe haukufaulu. Jeshi la Majid, likisaidiwa na mabaharia wa Kiingereza, liliivunja ngome ya shamba walipojificha, na Barghash akapelekwa Bombay uhamishoni. Wengi walikufa, na wengi wao walikuwa watumwa waliopigania ugomvi usio wao. Majid hakumwadhibu dada yake. Salme akakaa mashambani, Kisimbani na baadaye Bububu, akapatana na Majid, na kwa kupatana huko akapoteza upendo wa Khole na wa Barghash. Majid alipotaka nyumba ya Bububu kwa ajili ya balozi wa Kiingereza, Salme aliitoa akarudi kukaa mjini.

Jirani yake mjini alikuwa mfanya biashara kijana wa Hamburg, Heinrich Ruete. Nyumba zilikaribiana, madirisha yalitazamana. Tutapita upesi hapa, kwa kuwa watu wengine wameandika hadithi ndefu wasiyoijua. Wakapendana, naye akachukua mimba. Kwa sheria na desturi za kwao hatari ya maisha yake ilikuwa kubwa. Mwezi wa Agosti 1866 manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer ilikuwa bandarini. Ilikuwa siku za Mwaka, sikukuu ambayo wanawake wa Unguja hushuka pwani usiku kuoga baharini, na inasimuliwa kwamba kati ya mabibi waliojifunika waliokwenda kuoga, mmoja aliingia mashuani asirudi. Ile shela iliyomtoa Barghash kifungoni ikamtoa na yeye katika nchi yake.

Akapelekwa Aden. Mtoto akazaliwa huko mwezi wa Desemba. Heinrich alikawia Unguja kumaliza biashara yake, akafika mwezi wa Mei. Tarehe 30 Mei 1867 Salme akabatizwa kwa taratibu za kanisa la Kiingereza, akaitwa Emily, na siku ile ile akaolewa. Wakaanza safari ya kwenda Ulaya bila kukawia. Mtoto wao mdogo akafa njiani kabla ya kufika Hamburg.

Waalimu wetu wa ubatizo watapenda kujua, je, alifundishwa nini kabla ya kubatizwa? Machache sana. Katika barua ndefu alizoziandika baadaye, zilizochapwa muda mrefu baada ya kufa kwake, alikiri kwamba aliiacha dini ya kwao kabla ya kuifahamu ile aliyoingia, na kwa miaka mingi alijiona hana mahali pa kusali. Walimpa jina na nguo za Kikristo kwa siku moja. Mengine walimwachia ayatafute peke yake. Hamburg ulikuwa mji wa Kilutheri tangu mwaka wa 1529, makanisa yake yana minara mirefu, na wachungaji hawakukosekana. Twasema hayo kwa masikitiko, si kwa kumlaumu yeye.

Sasa tumtazame Emily Ruete katika mavazi yake mapya. Mwanamke wa Ulaya wa miaka ile alifungwa kifua na kiuno kwa kibana kilichotiwa mifupa ya nyangumi, kikavutwa kwa kamba. Juu yake sketi ilitanuliwa kwa pete za chuma hata mwenye kuivaa hakuweza kupita mlango mwembamba pasipo kujibana. Kisha soksi, viatu vya kufunga, kofia, glovu. Binti aliyezoea kukaa juu ya mkeka na kutembea kwa miguu myepesi sharti ajifunze kukaa kitini siku nzima. Na uso wake ukatazamwa na kila mtu. Watu wa Hamburg walikuja kumwona kama kitu cha ajabu, na wengine walistaajabu kwamba hakuwa vile walivyomwazia. Hakujua lugha yao. Mumewe alipokwenda kazini alibaki na watumishi ambao hakuweza kuwaambia neno. Jua halikuonekana majuma mazima.

Hata hivyo alijifunza. Akazaa watoto watatu: Antonie mwaka wa 1868, Rudolph Said mwaka wa 1869, na Rosalie mwaka wa 1870. Kila mmoja alikuwa pia na jina la Kiarabu. Kisha mwezi wa Agosti 1870 Heinrich akaumizwa na gari la reli lililokokotwa na farasi, akafa baada ya siku chache. Emily hakuwa ametimiza miaka 26. Sheria ya mji haikumwachia mjane kuitawala mali ya mumewe; wasimamizi wanaume waliwekwa, na mali nyingi ikapotea. Urithi wake wa Unguja ulizuiliwa kwa sababu ya kuiacha dini ya baba zake na kuolewa na Mkristo. Akahama mji kwa mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akitafuta mahali ambapo maisha yalikuwa rahisi kidogo, akafundisha Kiarabu na Kiswahili kwa ujira.

Hapo ndipo sindano ilipobadilika mkononi mwake. Katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichochapwa Berlin mwaka wa 1886 aliwajibu Wazungu waliosema kwamba wanawake wa mashariki ni wavivu. Aliwaonyesha kwamba tofauti kubwa ni ya hewa, si ya tabia. Mtoto wa Unguja akipata kanzu yake amekwisha kuvikwa. Mtoto wa kaskazini ahitaji soksi nyingi, koti, kofia, glovu, mablanketi, na hivyo vyote huchakaa, navyo vyahitaji kufumwa na kutiwa viraka usiku kucha. Nani atakuwa na nafasi? Mtu hawezi kuandika hivyo bila kujua uzito wa kapu la soksi zilizotoboka. Utotoni alidarizi barakoa kwa uzi wa dhahabu ili kupitisha alasiri; ujane ulimfundisha kwamba kitambaa hakina huruma kwa mama asiye na fedha. Kina mama wa Kapalamsenga wenye kugeuza shati la baba liwe sare ya mtoto watalifahamu jambo hili kuliko sisi tunaoliandika.

Kitabu hicho ni hazina. Hakuna mwanamke Mwarabu aliyetangulia kuandika maisha yake na kuyachapisha namna hiyo, na habari nyingi tulizozieleza za nyumba, nguo na chakula cha Mtoni hatungekuwa nazo kama hakukiandika. Lakini kina sura moja inayoumiza. Humo aliutetea utumwa. Aliwalaumu Wazungu waliotaka kuukomesha, akasema kwamba watumwa wa nchi za mashariki walitendewa vizuri, na aliandika juu ya watu weusi maneno ya dharau. Aliyeyaandika hayo ni binti wa Jilfidan, mtoto aliyenyang'anywa wazazi akauzwa! Hapo hatuwezi kunyamaza, sisi ambao babu zetu walizijua njia za misafara. Aliyaona mashamba ya karafuu, aliziona kanzu zake zikiletwa zenye harufu nzuri, lakini njia ya kutoka ziwani hadi Bagamoyo hakuiona hata siku moja. Siku hizi watu wa Hamburg nao wameliona jambo hilo. Uwanja mmoja mdogo ulipewa jina lake, kisha wakuu wa mtaa wakaamua jina liondolewe kwa sababu ya maneno hayo. Wengine wamesema kwamba ni kumwonea mwanamke aliyeteswa sana. Sisi twadhani mtu aweza kuteswa na bado akakosea, na msomaji mzima ayashike yote mawili.

Tamaa yake moja ilikuwa kupatana na ndugu zake na kurudishiwa haki yake. Majid alikufa mwaka wa 1870, na Barghash akawa Sultani. Mwaka wa 1875 Barghash alikwenda London, na Emily akasafiri kumwona. Lakini Waingereza, wasiotaka mgeni wao asumbuliwe, wakamzuia kwa ahadi ambazo hazikutimizwa. Miaka kumi ikapita. Mwaka wa 1885 serikali ya Udachi ikamchukua yeye na watoto wake katika merikebu zake mpaka Unguja. Hakuwa na haja ya kuuliza kwa nini wamekuwa wema ghafula. Bismarck alikuwa akigombana na Barghash juu ya nchi za bara, na dada wa Sultani, raia wa Kidachi mwenye madai ya urithi, alikuwa silaha nzuri ya kumtisha. Mwezi wa Agosti manowari za Kidachi zikatia nanga mbele ya jumba, Barghash akalazimika kukubali, na tangu siku hiyo madai ya Emily hayakuwa na maana tena kwa waliomleta.

Ebu tuwaze siku zile mjini Unguja. Emily atembea barabarani na watoto wake, amevaa nguo za Kizungu, kofia kichwani, uso wazi. Watu wakamfuata makundi kwa makundi, wengi wakamwamkia kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, wakamwita kwa jina lake la zamani. Pwani lilisimama jumba jipya refu la ndugu yake, Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka wa 1883. Ndani yake alikaa mwanamume ambaye miaka 26 nyuma alikubali kuvikwa shela akatoka salama kati ya dada zake. Barghash hakumpokea, wala hakumjibu. Akarudi Ulaya mikono mitupu.

Nasi wa ziwani tuna la kuongeza. Merikebu zilizomchukua bibi huyo hazikuja kwa ajili yake. Zilikuja kwa ajili ya nchi, na nchi hiyo baadaye ilifika mpaka mlangoni petu. Mwaka ule ule wa 1885 kituo cha Karema, kilichojengwa na watu wa Ubelgiji mwaka wa 1879, kilitiwa mikononi mwa mapadre Weupe, na kwa mkataba wa mwaka wa 1890 kati ya Waingereza na Wadachi pwani yote ya mashariki ya ziwa letu ikahesabiwa ya Udachi. Hakuna mtu wa Kapalamsenga aliyeulizwa.

Mwaka wa 1888, Barghash alipokwisha kufa, Emily alijaribu tena, akashindwa tena. Ndipo akakaa miaka mingi katika nchi za Sham, kwanza Yafa, halafu Beirut, mahali alipoweza kusikia Kiarabu njiani na kuona jua. Mwaka wa 1914 akarudi Udachi. Mwana wake Rudolph Said aliandika kitabu juu ya babu yake Seyyid Said, kilichochapwa mwaka wa 1929. Antonie aliolewa na mtawala wa Kidachi wa visiwa vya Marshall katika bahari ya Pasifiki, na mwaka wa 1907 akatoa kitabu cha upishi kwa ajili ya Wazungu wakaao katika makoloni ya nchi za joto. Twastaajabu kidogo tukifikiri jambo hilo. Bibi yake mzaa mama alinunuliwa, mama yake alijifunza kuendesha nyumba ya Kidachi kwa machozi, na yeye akawafundisha wanawake wa Kidachi jinsi ya kuendesha nyumba katika nchi za watu.

Mwishoni, Sultani Khalifa bin Harub alikubali kumpa shangazi huyo mzee fedha kidogo kila mwaka. Zilikuja zimechelewa. Emily Ruete, Salme binti Said, alikufa katika mji wa Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na miaka 79. Huko Unguja chumba kimoja katika jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka wa 1994 kiliwekwa habari zake, na magofu ya Mtoni yangali kando ya bahari. Yeye alizikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, karibu na mumewe. Inasimuliwa kwamba katika vitu alivyovitunza miaka yote ulikutwa mfuko mdogo wenye mchanga wa pwani ya Unguja, nao ukatiwa kaburini pamoja naye.